Mume Wangu Anapolala Magomeni

Tulijenga Mbezi ili hatimaye tukae kwetu, pamoja. Kumbe barabara nayo ilikuwa na mipango yake.

Jumamosi moja asubuhi, binti yetu wa miaka minne aliingia chumbani kwetu na kikombe chake cha uji mkononi, akamkuta baba yake bado kalala. Akasimama mlangoni, akamtazama weee, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, kama vile kuna mgeni ambaye hatakiwi kuamshwa: "Mama, baba leo kaja kulala kwetu?"

Nilicheka. Baba yake, kumbe alikuwa macho muda wote, naye akacheka ndani ya shuka. Tukampandisha mtoto kitandani, tukamtekenya, yakaisha. Lakini nilipokwenda jikoni kumsaidia mama yangu (tunakaa naye) nilijikuta nimeshika mwiko tu, sikorogi chochote. Mtoto hakuwa anatania. Siku tano kwa wiki baba yake alikuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri yeye akiwa amelala, na anarudi saa tatu usiku yeye akiwa ameshalala tena. Kwa hesabu za mtu wa miaka minne, huyo bwana haishi hapa. Anakuja wikiendi.

Msomaji wangu, kama unakaa Upanga au Kinondoni na unarudi nyumbani kula chakula cha mchana, unaweza kuiruka kurasa hii. Ila kama na wewe ni mwenzetu wa Chanika, Bunju, Goba, Kibamba au ng'ambo kule Kigamboni, nadhani umeshaanza kutabasamu. Au kununa.

Raha ya kwako

Niseme ukweli, Msakuzi tulikwenda wenyewe, hatukufukuzwa na mtu. Mwaka 2022 tulikuwa tumepanga Sinza, vyumba viwili na sebule, na kijiko ambacho mmoja akikaanga mwingine inabidi asubiri nje. Mwenye nyumba wetu alikuwa mtu mzuri kabisa mpaka mwezi wa kodi ukaribie. Hapo anakuwa mtu mwingine. Kodi ya miezi sita, mkupuo mmoja, na kila safari imepanda kidogo kwa sababu "vitu vimepanda".

Kiwanja tulikuwa nacho siku nyingi, ndani ndani kutoka Mbezi Mwisho, tulikinunua enzi zile ambazo ukimwambia mtu umenunua Msakuzi anakupa pole. Tukapandisha boma kidogo kidogo: bonasi ikitoka, tofali, mchezo wa ofisini ukiniangukia, mabati. Kodi ya Sinza ilipokwisha tukaangaliana. Badala ya kumpa mtu miezi sita mingine, si tuhamie tu? Tukahamia kwenye pagala. Madirisha yana grili ila hayana vioo, sakafu ya saruji tupu, mlango wa choo ni kanga. Maji ya boza. Sensa ya Agosti mwaka ule ilitukuta hivyo hivyo, karani alituhesabu tukiwa tumekaa juu ya ndoo.

Na nilipenda, jamani! Usiku wa kwanza kulikuwa na ukimya ambao Sinza hauuzwi hata kwa dola. Asubuhi nilichukua msumari na nyundo nikapigilia picha yetu ya harusi ukutani, bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote. Aliyewahi kupanga anajua ninachosema. Nilipigilia na msumari wa pili ambao haukuwa na kazi. Upo mpaka leo.

Hatukuwa peke yetu, bila shaka. Mwaka 2002 Dar es Salaam ilikuwa na watu kama milioni 2.5. Sensa ya 2012 ilikuta milioni 4.36, na hiyo iliyotukuta kwenye ndoo ikahesabu milioni 5.38. Watu wote hao hawawezi kuenea Ilala na Magomeni. Mji umetanuka kufuata barabara zake kubwa, ya Morogoro, ya Bagamoyo, ya Pugu, ya Kilwa, kama vidole vya mkono, na sisi wenye ndoa changa na mishahara ya kubana ndio tulioko huko kwenye kucha. Sasa kasheshe ni kwamba kazi zimebaki kiganjani. Kila alfajiri kucha zote zinataka kurudi kiganjani kwa wakati mmoja.

Msuguri, Temboni, Suka, Stopover

Mimi ofisi yangu iko Kinondoni, na kazi ya uhariri ina huruma kidogo: siku mbili kwa wiki naweza kufanyia nyumbani, mradi intaneti isigome. Mwenzangu ni mhasibu, Posta. Mahesabu ya watu hayafanyiwi sebuleni.

Safari yake ilikuwa hivi. Bodaboda kutoka nyumbani mpaka Mbezi Mwisho, giza totoro, vumbi kiangazi na tope masika. Pale Mbezi, tangu kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilipohama Ubungo mwaka 2021 na kuja kufunguliwa kwa jina la Magufuli, hakuna usiku tena. Unakuta watu wa Mbeya na mabegi yao, watu wa Moshi na viroba vyao, mama wa chapati, vijana wa bajaji, na katikati yao mume wangu na shati lake la pasi. Kutoka hapo ni Kwa Msuguri, Temboni, Suka, Stopover, Kimara.

(Hayo majina huwa yananifurahisha sana. Ukiendelea nayo mpaka mjini utapita Bucha, Baruti, Ubungo Maji, Urafiki palipo kiwanda cha nguo kilichofunguliwa mwaka 1968, mpaka Fire. Hakuna mtukufu aliyekaa akayapanga. Kilichokuwepo ndicho kilichobandikwa: duka la nyama, maji, gari la zimamoto. Nyumbani kwetu kituo kinaitwa kwa jina la mwembe ambao umeshakatwa.)

Lazima niwe mkweli kuhusu barabara yenyewe, maana tukianza kulalamika huwa tunasahau. Mwendokasi ulipoanza Mei 2016, kutoka Kimara mpaka Kivukoni, kwenye njia yake yenyewe, watu walipanda kwa kustarehe tu. Mwaka uliofuata nyumba nyingi zilibomolewa kandokando ya barabara kutoka Kimara kwenda Kibaha ili kupisha upanuzi, na nina ndugu ambaye mpaka leo akipita pale anageuza uso. Barabara ikapanuka kweli, njia nane. Halafu magari nayo yakapanuka. Tatizo la mtu wa Msakuzi halikuwa hilo basi lenyewe. Lilikuwa kufika Kimara kulipanda, pamoja na watu wengine wote waliokuwa na wazo hilohilo.

Jioni alikuwa "anageuza". Kwa asiyejua, kugeuza ni kupanda daladala linalokwenda mwisho wa njia, upande usiokuhusu, ukalipa nauli ya huko, ukabaki kitini linapogeuka, ukalipa tena. Unalipa mara mbili ili ukae mara moja. Mwanzoni nilimcheka. Nilipojaribu kusimama kutoka Ubungo mpaka Mbezi na kiatu cha kisigino, begi la mtu shingoni na kwapa la mwingine puani, niliacha kucheka.

Tuseme saa tano kwa siku, kwenda na kurudi, na hapo nimekuwa mkarimu. Mara siku tano ni saa 25. Yaani kila wiki mume wangu alikuwa anatoa siku nzima, mchana na usiku wake, na saa moja ya chenji juu, akiwa amekaa au amesimama kati ya kwake na kazini.

Najua unachotaka kusema: si mnunue gari? Tulipiga hesabu. Petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita mwaka huohuo wa 2022 tuliohamia. Gari lingekula geti, uzio na vigae, halafu lingekwenda kukaa kwenye foleni ileile pamoja na daladala. Tukaachana nalo.

Foleni haina risiti

Kitu ambacho hakuna fundi wala dalali wa viwanja anayekwambia ni hiki: nyumba ya mbali inahamisha mazungumzo yenu yote kwenye simu. Nilirudi siku moja kusoma meseji zetu za mwezi mzima, nikitafuta namba ya fundi bomba. Nikasahau hata fundi. "Umefika?" "Bado, Temboni." "LUKU imeisha." "Natuma." "Mtoto ana homa." "Poa, nipo Stopover." Hapo nikasimama. Mtoto ana homa, poa, nipo Stopover! Na wala hakuwa mkatili, najua alimaanisha nimeona, nakuja. Lakini sisi ndio watu tuliokuwa tunaongea mpaka saa nane usiku chuoni, mpaka vocha inakwisha na mmoja anakwenda kugonga mlango wa jirani kuazima simu.

Na chumbani? Chumbani, msomaji, mtu aliyesimama saa tatu huwezi kumdai kitu. Anakula, anaoga, anasema "mke wangu" kwa upole kabisa, na kabla hujajibu anakoroma. Mwezi wa kwanza unamhurumia. Mwezi wa tano unaanza kujiuliza.

Maana foleni ina sifa moja mbaya: haina risiti. Zamani mwanamume akichelewa alihitaji kutunga, mara kikao, mara msiba wa rafiki. Siku hizi anasema "foleni" na hakuna mahakama itakayomtia hatiani. (Wanawake pia, tusijifanye malaika.) Shoga yangu mmoja wa mtaani kwetu, mume wake alikuwa anafika saa nne kila siku, foleni. Alipostaafishwa kazi, bado alikuwa anafika saa nne.

Ndipo siku moja baba watoto, akiwa anakula, bila hata kuinua macho, akasema: "Nimekuwa nafikiria. Nikipata chumba cha bei nafuu maeneo ya Magomeni, nikawa nalala huko siku mbili tatu za katikati ya wiki..."

Sikumwacha amalize. Chumba? Mwanamume mwenye nyumba yake, mke wake na mama mkwe wake ndani, akapange chumba Magomeni? Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye kurasa za gazeti hili lenye heshima. Kesho yake shoga yangu alipoisikia habari hiyo alipiga makofi mara moja, pwaa, akasema: "Mwanaume akipata chumba mjini, chumba hakikai kitupu." Yeye alikuwa anajua anachosema. Basi nikasimamia hapo. Chumba hakuna. Mwenzangu hakubishana. Aliendelea kuamka saa kumi na nusu.

Aprili 2024 mvua ilinyesha kama haina kwao. Alhamisi moja maji yakajaa Jangwani, pale Bonde la Msimbazi, na njia ya Morogoro ikakatika kama ilivyo kawaida yake mvua zikizidi. Saa moja aliniandikia kwamba anazungukia Selander na Kinondoni. Baada ya hapo kimya. Saa tatu kimya. Saa nne napiga, simu haipatikani. Kuna mke anayeanza kuomba Mungu wakati kama huo. Mimi, nasikitika kusema, nilianza kukasirika. Neno la shoga yangu lilinikaa kooni. Saa tano nikamwandikia: "Baki hukohuko unakolala."

Saa saba kasoro mlango uligongwa. Alikuwa amelowa chapachapa, suruali imechanika gotini, damu imechanganyika na tope mpaka kwenye soksi. Bodaboda iliteleza pale kwenye kona ya bondeni, wakaanguka wote wawili, yeye na dereva. Simu ilikufa chaji tangu Ubungo. Alikuwa anacheka, kile kicheko cha mtu aliyeogopa sana. Mama yangu akaleta maji ya moto na chumvi, mimi nikapiga magoti kumwosha, yeye akachomeka simu kwenye chaja juu ya meza. Ikawaka. Ikalia, ti-ti.

Nilijua ni nini. Nilitamani niinyakue, lakini mikono yangu ilikuwa na damu yake. Akaisoma. Akaiweka chini taratibu, kioo kikiangalia meza.

"Nilitamani kubaki kweli," akasema. "Ila sikuwa na pa kubaki."

Hakuongeza neno. Saa kumi na nusu alikuwa ameshaamka, anafunga bandeji mwenyewe kwa mwanga wa simu ili asituamshe.

Ni mama yangu aliyeniweka sawa, tena bila kunisema. Jumamosi hiyo tukichambua mchele akanikumbusha kwamba marehemu baba alifanya kazi Mtwara miaka mitatu, mimi nikiwa sijazaliwa. Barua ilikuwa inakuja mara moja kwa mwezi, ikichelewa ni mvua. "Lakini baba yako alikuwa akirudi, amerudi," akasema. "Huyu wako anakuja kila siku na hajarudi bado."

Mimi ndiye nyumba ndogo

Chumba tulikipata Magomeni mwezi Juni. Kimoja, cha uani, choo cha kuchangia, shilingi 80,000 kwa mwezi, na kodi, kama kawaida, miezi sita mkupuo. Hela ilitoka kwenye mfuko wa geti. Nilikwenda kukikagua mwenyewe kama afisa wa forodha. Nikanunua godoro la futi nne, neti, jagi la umeme. Na nikachonga ufunguo wa pili, upo kwenye fungu langu pamoja na wa nyumbani na wa ofisini.

Makubaliano yalikuwa Jumanne, Jumatano na Alhamisi analala huko. Wiki ya kwanza nilipiga simu za video kila usiku, namwambia zungusha simu nione ukuta. Akazungusha, maskini. Wiki ya pili, Jumatano, nilikuwa nimechelewa ofisini, mvua inatishia, na kutoka Kinondoni mpaka Magomeni ni pua na mdomo. Nikampigia mama. Akaniambia mtoto ameshakula, nilale tu huko.

Sasa hapo ndipo mambo yalipogeuka, na sikuyapanga. Tulinunua chipsi kuku za mtaani, tukalia kitandani kwa sababu meza hakuna. Saa mbili na nusu usiku! Saa ambayo kwa kawaida yeye yuko Temboni. Hakuna LUKU ya kuulizia, hakuna boza, hakuna fundi. Tulikuwa na saa nne nzima mbele yetu na hatukujua tuzifanyie nini, tukawa kama watu wanaojuana upya. Akanihadithia jambo la kazini ambalo lilikuwa limemsumbua tangu Februari. Tangu Februari! Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema alikuwa anaanza kuniambia kila siku, ila anafika amechoka, anajiambia kesho.

Mengine ya usiku ule nayafunga na ufunguo.

Tangu hapo Jumatano ikawa siku yangu. Tuna sheria moja tu: ukivuka kizingiti cha Magomeni, habari za ujenzi zinabaki nje na viatu. Yeye alishavunja mara moja kwa habari ya vigae, akatozwa faini ya soda.

Mwezi wa pili, nikiwa nachota maji uani asubuhi, mama mwenye nyumba aliniita pembeni. Ni mtu mzima, wa zamani wa hapo hapo Magomeni, anavaa kanga zake mbili na hana haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama kutoka juu mpaka kwenye ndala. "Mwanangu, nimekuona unaingia hapa kila Jumatano, mtoto mzuri, una adabu zako. Yule bwana ana pete. Mkewe anajua?"

Nilicheka mpaka maji yakamwagika. Nikamwambia mama, mke mwenyewe ndiye mimi. Hakuamini. Nadhani mpaka leo hajaamini, kwa sababu kila nikifika ananisalimia kwa upole fulani wa kunisikitikia.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kimekuwa asali. Geti bado ni mabati na kamba. Siku anazolala Magomeni mtoto hamwoni kabisa, ingawa siku nyingine anatoka mapema na kumkuta macho, wanakula pamoja, anamsomea hadithi na yeye mwenyewe hasinzii katikati. Shoga yangu amenipa mwaka mmoja nitakuja kumwambia alisema kweli. Mama mkwe wangu kule Iringa hajaambiwa. Sijui tungemweleza vipi.

Na Jumatano moja usiku nikiwa Magomeni, simu ililia. Alikuwa binti yangu, kambembeleza bibi yake ampigie. Nilisikia anapumua kwanza, kama wanavyofanya watoto.

"Mama," akasema, "na wewe umehama?"

Nikamwambia hapana mama, narudi kesho jioni, nitakuletea maandazi ya huku. Akauliza kama baba naye atakuja na maandazi. Nikampa simu baba yake, nikatoka nje uani kidogo.

Kodi tumeshailipa mara tatu sasa. Ya nne inatakiwa mwisho wa mwezi huu, na mama mwenye nyumba anataka kujua mapema kwa sababu kuna kijana wa chuo anakitaka chumba. Hela ipo kwenye droo, ndani ya bahasha iliyoandikwa GETI kwa mwandiko wa mume wangu. Jana usiku tuliitoa, tukaihesabu, tukairudisha. Kesho ni Jumatano, tutaongelea huko.